Kamera ndogo: usizamishe mtaji kwenye vikorombwezo

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea habari za bei ya korosho, mwenendo wa hisa na thamani ya shilingi. Wiki hii tunaweka hayo kando kidogo ili tuzungumzie kifaa kinachoingia mfukoni, yaani kamera ndogo ya kila siku, na hasa vile vifaa vya ziada ambavyo mnunuzi hushawishiwa kuvichukua pamoja nayo.

Kuna sababu ya kibiashara. Mfanyabiashara wa leo anauza kwa picha. Mwenye duka la vitenge Kariakoo hamsubiri tena mteja wa Mwanza apande basi aje achague mzigo; anamtumia picha kwenye simu, mteja anachagua, fedha zinaingia na mzigo unasafirishwa. Fundi samani wa Keko, muuza vipuri na mwenye nyumba ya wageni Paje, wote wanategemea picha. Simu inaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Lakini wapo waliofikia mahali ambapo simu haitoshi, ama kwa kuwa inaita wakati wa kazi, ama kwa kuwa rangi ya kitambaa haitoki vizuri, wakaamua kununua kamera. Hao ndio ninaowaandikia, pamoja na wenye maduka wanaowauzia.

Msimamo wangu ni huu: katika ununuzi wa kamera ndogo, hasara kubwa haitokani na kamera. Inatokana na vifaa vya ziada, na inakuja kwa njia mbili. Ya kwanza ni kununua vingi visivyo na kazi. Ya pili, ambayo ni mbaya zaidi, ni kubana fedha kwenye kile kimoja au viwili ambavyo kazi yote inavitegemea.

Hali ya soko

Kamera hizi zilitangaziwa kifo miaka mingi iliyopita. Mwaka 2010 viwanda duniani vilisafirisha kamera za dijitali zaidi ya milioni 120, nyingi zikiwa hizi ndogo. Kufikia mwaka 2023 jumla hiyo ilikuwa imeshuka hadi chini ya milioni 8, na kamera ndogo zilikuwa chini ya milioni 2. Simu ilikuwa imekula soko.

Hata hivyo, miaka ya karibuni mahitaji yamerudi, yakisukumwa na vijana na mitandao ya kijamii. Fujifilm X100VI iliyotoka mwaka 2024 kwa dola 1,599 iliagizwa kwa wingi kuliko kiwanda kilivyoweza kutoa. Canon PowerShot G7 X Mark III, iliyoingia sokoni mwaka 2019 kwa dola 749, ilikuwa adimu miaka mitano baadaye, na wenye kuiuza wakapandisha bei.

Matokeo yake kwa mnunuzi wa kawaida ni mawili. Kamera yenyewe imekuwa ghali, hivyo wengi wananunua iliyotumika. Pili, muuzaji ambaye faida yake kwenye kamera ni nyembamba anaitafuta kwenye vikorombwezo. Hilo si kosa, ndiyo kanuni ya biashara ya rejareja popote. Lakini mnunuzi anapaswa kuijua kanuni hiyo kabla hajafika kaunta.

Hasara niliyoishuhudia

Nina mama mdogo anayeuza vitenge kwa jumla. Wateja wake wako Mwanza, Kigoma, Mbeya na wachache Lubumbashi. Mimi ndiye niliyemshauri anunue kamera ndogo iliyotumika, nikamfanyia na hesabu kwenye karatasi kuonyesha itajilipa baada ya muda gani. Hesabu ilikuwa sahihi. Kamera ilikuwa nzuri. Kosa lilikuwa memori kadi.

Nilikwenda kuinunua mwenyewe. Muuzaji alinionyesha mbili: moja ya GB 32 yenye jina linalojulikana, nyingine ya GB 256 kwa bei karibu sawa. Mhitimu wa biashara akaona GB 256 kwa bei ya GB 32, akajisifu kimoyomoyo kwa kujua kununua.

Mzigo mpya ulipoingia, mama mdogo na binti wa dukani walipiga picha na video fupi za aina 120 za vitenge kwa siku mbili. Kamera haikulalamika hata mara moja. Marobota yakafungwa yakapelekwa stoo. Tulipofungua kadi kwenye kompyuta, nusu ya kwanza ilikuwepo. Nusu ya pili majina ya picha yalionekana, lakini ndani hamna kitu.

Kadi ile ilikuwa na nafasi ya kweli isiyofikia hata sehemu ya kumi ya iliyoandikwa. Ilikuwa imechezewa ndani ili iiambie kamera kwamba ni kubwa. Kamera iliendelea kuandika, na kila kilichozidi nafasi ya kweli kilipotea.

Vibarua walilipwa kufungua marobota na kuyafunga tena. Siku tano zikapita, na mteja wa Lubumbashi, ambaye hangojei mtu, alikuwa amekwishachukua mzigo kwa mwingine. Mama mdogo hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, huko chuoni mlikuwa mnapima bei peke yake?"

Sina jibu la swali hilo hadi leo, ila makala hii.

Swali la kuuliza kabla ya kutoa fedha

Katika darasa la uhasibu tulifundishwa kutofautisha gharama na uwekezaji. Kwa kifaa cha ziada tofauti hiyo hupatikana kwa maswali mawili: Je, kinazuia hasara gani? Au, kinaongeza kazi gani ambayo leo siwezi kuifanya? Kifaa kisichojibu hata swali moja ni pambo. Mapambo hayakatazwi, lakini yasilipwe na mtaji wa duka.

Tupitie sasa kimoja kimoja, kwa mpangilio wa umuhimu.

Kwanza: memori kadi

Hapa ndipo fedha ya kwanza iende. Kadi ina namba mbili za kuangalia: ukubwa na kasi. Wengi huangalia ukubwa tu.

Kasi imeandikwa kwa alama. Kadi ya daraja la 10, au yenye alama ya U1, inahakikisha kuandika angalau megabaiti 10 kwa sekunde. Yenye alama ya U3 au V30 inahakikisha megabaiti 30. Zipo V60 na V90 kwa wataalamu wa filamu.

Unahitaji ipi? Tufanye hesabu. Video ya 4K kwenye kamera kama Sony RX100 VII hurekodiwa kwa kiwango cha juu cha megabiti 100 kwa sekunde. Kwa kuwa biti 8 ni baiti moja, hiyo ni megabaiti 12.5 kwa sekunde. Kadi ya V30 inabeba zaidi ya mara mbili ya hapo. Kwa hiyo V30 inatosha, na aliye na kadi ya V90 kwenye kamera hii amelipia barabara ambayo gari lake haliwezi kuitumia. Aidha, kamera ndogo nyingi, zikiwemo G7 X Mark III, RX100 VII, Ricoh GR III na hata X100VI, zinatumia mfumo wa kadi wa UHS-I, ambao kikomo chake ni megabaiti 104 kwa sekunde. Kadi za UHS-II zenye safu mbili za vishikizo vya shaba nyuma ni ghali zaidi, na kwenye kamera hizi haziongezi kasi.

Kuhusu ukubwa: video ya kiwango hicho inakula megabaiti 750 kwa dakika, yaani takriban GB 45 kwa saa. Picha moja ya kawaida ya megapikseli 20 ni megabaiti 7 au 8. Kadi ya GB 64 hubeba hivyo picha zipatazo 8,000, au zaidi kidogo ya saa moja na robo ya video. Kwa mfanyabiashara, kadi mbili za GB 64 ni bora kuliko moja ya GB 128. Sababu yake ni ile ile inayomfanya mkulima mwenye akili asipande shamba lote mbegu moja.

Wenye kamera za zamani wawe waangalifu. Kamera zilizotengenezwa kabla ya kuja kwa kadi za SDXC husoma hadi GB 32 tu, na za zamani kabisa huishia GB 2. Kabla ya kulipa, angalia kitabu cha kamera au ijaribu kadi papo hapo.

Kuhusu kadi bandia, kinga zipo na ni za bei nafuu. Bei ikiwa chini mno kuliko ukubwa ulioandikwa, huo ni ushahidi tosha wa kuacha. Dai risiti ya EFD yenye jina la duka. Ukifika nyumbani, jaribu kadi kwa programu ya bure ya H2testw kwenye kompyuta ya Windows, au F3 kwenye Mac na Linux. Programu hizi huijaza kadi yote kisha huisoma tena, na kadi ya uongo huumbuka. Kazi hiyo kwa kadi ya GB 64 inaweza kuchukua zaidi ya saa moja. Ni saa ambayo mimi sikuitoa.

Pamoja na kadi nunua kisomeo cha kuhamishia picha kwenye kompyuta. Ni kifaa kidogo cha bei ndogo, lakini ndicho kinachokuwezesha kutoa nakala kila jioni. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Picha za bidhaa ni daftari la duka. Ziwe na nakala mbili, moja nje ya duka.

Pili: betri ya akiba

Kamera ndogo ina betri ndogo. Kwa kipimo kinachotumiwa na chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani, G7 X Mark III hupiga picha takriban 235 kwa chaji moja, RX100 VII takriban 260 na Ricoh GR III takriban 200. Ukirekodi video, chaji hupungua kwa kasi zaidi. Anayepiga picha za mzigo tangu asubuhi atakwama kabla ya adhuhuri.

Betri moja ya akiba inaondoa tatizo. Mbili ni kwa anayefanya kazi mbali na umeme.

Je, lazima iwe ya kiwanda cha kamera? Kwa maoni yangu, ikiwa kamera ni mpya na bado ina dhamana, nunua ya kiwanda. Kwa kamera iliyotumika, ya kampuni nyingine yenye jina inaweza kufaa, ila soma namba. Betri ya NB-13L ya Canon ina mAh 1,250, na NP-BX1 ya Sony ina mAh 1,240. Ukikuta betri ya umbo lile lile imeandikwa mAh 2,000, usifurahi. Sanduku ni lile lile, mzigo ulioongezeka uko kwenye karatasi ya nje tu. Betri iliyovimba, hata kidogo, isiingizwe kwenye kamera.

Kamera mpya nyingi huchajiwa kwa waya wa USB, na pawabanki uliyo nayo kwa ajili ya simu inaweza kutosha. Lakini zipo zinazochagua: G7 X Mark III kwa mfano inahitaji chaja au pawabanki yenye mfumo wa PD. Jaribu kwanza uliyo nayo kabla ya kununua nyingine.

Kwa wanaosafiri kufuata mzigo Guangzhou au Dubai: betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kwenye begi linalopakiwa chini ya ndege. Zibebe mkononi, kila moja kwenye mfuko wake ili vyuma visigusane.

Tatu: kinga ya unyevu, vumbi na kuanguka

Hili watu wa pwani hulisahau hadi wanapoona utando kama buibui ndani ya lenzi. Huo ni ukungu. Hustawi pale unyevu wa hewa unapokaa juu kwa muda mrefu, na hewa ya Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa ina unyevu mwingi sehemu kubwa ya mwaka. Ukungu ukiingia ndani ya lenzi ya kamera ndogo, gharama ya kuifungua na kuisafisha inaweza kukaribia thamani ya kamera iliyotumika.

Kinga yake haiuzwi kwenye kabati la vioo. Tafuta chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, kama kile cha kuhifadhia chakula. Weka ndani vipakiti vya silika vya kufyonza unyevu, ikiwezekana vile vinavyobadilika rangi vikishiba ili ujue wakati wa kuvikausha. Kamera ilale humo kila usiku. Usiihifadhi kwa muda mrefu kwenye mkoba wa ngozi, kwani ngozi hushika unyevu na kuulea ukungu.

Kwa wa Dodoma, Singida na Shinyanga adui ni vumbi. Lenzi ya kamera ndogo hutoka na kurudi ndani kila unapowasha na kuzima, na kila inapotembea huvuta hewa pamoja na kilichomo. Mkoba mdogo unaofungwa kwa zipu ni muhimu kuliko mkoba wa kupendeza ulio wazi juu. Ongeza pampu ndogo ya mkono ya kupuliza vumbi na kitambaa laini. Usipulize kwa mdomo. Mate huacha madoa.

Halafu kuna mkanda wa mkononi. Mara nyingi huja na kamera, na mara nyingi huachwa kwenye boksi. Kamera yenye gramu 300 huponyoka kirahisi, hasa kwenye bodaboda na kwenye msongamano wa soko. Katika orodha yote hii hakuna bima iliyo rahisi kama huo mkanda.

Nne: stendi na mwanga

Stendi ya miguu mitatu inastahili kununuliwa na mtu anayepiga picha za bidhaa zile zile kila wiki. Inaweka picha zote kwenye kimo kimoja na inaondoa mtikisiko. Skrubu ya kamera ni ya kipimo kimoja duniani, robo inchi, kwa hiyo stendi utakayonunua leo itafaa kamera ya kesho. Kamera ni nyepesi, huhitaji stendi nzito ya studio. Ndogo ya mezani inatosha kwa bidhaa ndogo. Angalia jambo moja: je, kamera ikiwa juu ya stendi unaweza kufungua mlango wa betri? Kwenye kamera nyingi ndogo mlango uko chini karibu na skrubu. Rimoti ya kupigia usinunue. Kamera ina saa ya sekunde mbili ndani yake, bila malipo.

Kuhusu mwanga, kabla ya kununua taa sogeza meza karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, kisha simamisha karatasi nyeupe ya manila upande wa pili ili irudishe mwanga. Kwa bidhaa nyingi hapo kazi imekwisha.

Taa ya LED ina maana kwa anayefanya kazi usiku au kwenye stoo isiyo na dirisha. Ukiinunua, tafuta yenye kiwango cha kuonyesha rangi, yaani CRI, cha 90 au zaidi. Taa hafifu hubadilisha rangi ya kitambaa, na mteja wa Mbeya akipokea kitenge cha kijani wakati picha ilionyesha buluu, mzigo unarudi na nauli ni ya kwako. Kadi ya kijivu ya kurekebishia rangi ni kitu kidogo tu, nayo inaepusha ugomvi huo.

Vya kuacha

Vichujio vya lenzi. Kamera kama G7 X Mark III na RX100 VII hazina hata nyuzi za kufungia kichujio. Hulazimu kubandika pete kwa gundi. Ipo tofauti moja ya haki: X100VI inakamilisha kinga yake dhidi ya mvua na vumbi pale tu inapofungwa pete maalumu na kichujio cha kinga. Mwenye kamera hiyo anunue, wengine wapite.

Lenzi za kubandika mbele zinazodai kuleta karibu au kupanua. Nyingi huharibu ukali wa picha pembeni. Umelipia kamera yenye lenzi nzuri, kisha unaifunika na kioo cha bei ya chini.

Kifurushi cha vifaa 20 kwa bei moja. Hiki ndicho kinachonikera zaidi. Tuchukue mfano wa hesabu tu, si bei ya soko: kifurushi ni shilingi 200,000, na vitu utakavyotumia ni vitatu. Bei ya kweli ya kila kimoja ni karibu shilingi 67,000, na vile 17 vilivyobaki ni takataka uliyoilipia. Mbaya zaidi, kadi na betri ndani ya vifurushi vya namna hiyo mara nyingi hazina jina, wakati ndivyo vitu viwili visivyostahili kubahatishwa.

Kwa maoni yangu, jumla ya vifaa vya ziada katika mwaka wa kwanza isizidi asilimia 15 ya bei ya kamera. Ikizidi hapo, jiulize kama unaendesha duka au unakusanya vifaa.

Neno kwa wenye maduka

Kwa wenye mitaji midogo wanaofikiria kuuza vifaa hivi, ushauri wangu ni kuangalia mzunguko kabla ya faida ya kipande kimoja. Kava na protekta za kioo huuzwa kwa faida nzuri kwa asilimia, lakini kila moja inatoshea kamera moja. Kamera hiyo ikitoka kwenye mtindo, mtaji wako unabaki ukining'inia ukutani.

Linganisha na betri. NP-BX1 moja inatoshea ukoo wote wa RX100, kuanzia ya kwanza ya mwaka 2012 hadi ya saba ya mwaka 2019. NB-13L inatoshea G7 X zote tatu na ndugu zake wa G5 X na G9 X. Memori kadi na stendi zinatoshea karibu kamera zote. Mwenye shilingi milioni mbili za kuanzia aziweke kwenye vitu vinavyotoshea wateja wengi, na kava aziagize kwa oda ya mteja.

Kadi bandia ni jambo la kutafakari zaidi. Najua baadhi ya wauzaji hudanganywa na wauzaji wao. Lakini muuzaji ana njia ya kujua: katika kila mzigo chukua kadi chache bila kuchagua, zijaribu kwa programu nilizotaja, ndipo umalizie malipo. Tume ya Ushindani, FCC, inasimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 na ina uwezo wa kukamata bidhaa bandia. Kenya nako kuna mamlaka maalumu iliyotokana na sheria ya mwaka 2008. Ukikamatwa na mzigo, aliyekuuzia hatakuwepo.

Tuachane hata na sheria. Mtu aliyeniuzia kadi ile alipata faida ya siku moja. Baada ya hapo mama mdogo amenunua kadi, betri, stendi na taa, na hata kompyuta ya dukani, na hakuna hata kimoja kilichotoka kwake. Dada zake wa soko, ambao ni wengi, nao hawapiti pale. Hasara hiyo haionekani kwenye vitabu vya muuzaji yule, lakini ipo, na anaendelea kuilipa bila kujua.

Kwa muhtasari

Nunua mara moja: kadi mbili za V30 zenye jina, kisomeo cha kadi, betri moja ya akiba, chombo cha plastiki na silika. Mkanda uliokuja na kamera utoe kwenye boksi leo.

Subiri hadi kazi ikudai: stendi, kadi ya kijivu, taa, betri ya tatu.

Acha: vifurushi, lenzi za kubandika, vichujio kwa kamera isiyovihitaji, rimoti.

Mama mdogo anaendelea na kamera ile ile. Kila jioni binti wa dukani anahamisha picha za siku, anahesabu idadi na kuiandika kwenye daftari kabla roboto moja halijafungwa. Vitenge vya mwezi uliopita vilikuwa aina 94, na picha zilikuwa za aina 94. Lubumbashi bado hawajarudi.